Wikendi ni ya Nani?

  

Leo ni Ijumaa, jua linaelekea kuzama, na nina hakika tangu mchana mmeshaambiwa mara kadhaa: "Wikendi njema!" Mhasibu kamwambia karani. Karani kamwambia mlinzi wa getini. Hata benki imekutumia ujumbe kwenye simu kukutakia wikendi njema, ingawa salio lako inalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Basi leo tulizungumze neno hilo moja tu. Linatumikaje? Limetoka wapi? Na swali ambalo ningependa tukae nalo zaidi: wikendi ni ya nani?

Tuanze na jepesi. Wikendi inaanza lini? Ukifungua kamusi utaambiwa ni Jumamosi na Jumapili. Lakini ukimtazama mfanyakazi wa ofisini Ijumaa saa tisa alasiri, jinsi anavyokusanya vitu vyake taratibu kana kwamba bosi haoni, utajua kwamba kwake imeshaanza. Vijana wa mjini hata Ijumaa yenyewe wameibatiza jina, wanaiita Furahidei. Inaishia lini? Kwa wengi huishia Jumapili jioni, pale unapokumbuka kwamba nguo za kesho hazijapigwa pasi.

Neno hili lina mitego yake. Leo tuseme ni Jumanne, rafiki yako anakuambia, "Tuonane wikendi ijayo." Ni ipi hiyo? Ni hii inayotukabili, au ile ya baada yake? Waingereza wenyewe hubishana juu ya jambo hili, kwa hiyo msione haya mkichanganyikiwa. Ushauri wangu ni kutaja tarehe. Hasa kwa fundi cherehani. Akikuambia gauni litakuwa tayari wikendi ijayo, mwambie akutajie tarehe, tena mbele ya shahidi.

Halafu sikilizeni hili. Tunalo pia "mwishoni mwa juma". Msomaji wa taarifa ya habari atawaambia kwamba waziri anatarajiwa kuzuru Dodoma mwishoni mwa juma. Vizuri kabisa. Lakini akitoka studio, hapo koridoni, atamuuliza mwenzake, "Wikendi uko wapi?" Kwa nini amebadilisha? Kwa sababu mwishoni mwa juma ni tarehe tu kwenye kalenda, na wikendi ina ladha. Sijapata kusikia mtu akimwambia mwenzake, twende tukale bata mwishoni mwa juma. Bata huliwa wikendi, mpaka kuku aone wivu.

Na kuna kichekesho kidogo hapa. Siku zetu sisi tunazihesabu kuanzia baada ya Ijumaa. Jumamosi ni ya kwanza, ndiyo maana ikaitwa mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, tunakwenda hivyo hadi Jumatano. Maana yake ni kwamba ukiiita Jumamosi wikendi, unaiita siku ya kwanza ya juma mwisho wa juma! Hakuna aliyekosea. Ni kalenda mbili zimekaa nyumba moja: moja ilikuja na sala ya Ijumaa huku pwani, nyingine ikaja na kanisa na ofisi ya serikali. Tumezoea kuishi na zote mbili wala hatusikii zikigombana. Mambo ya Alhamisi na tano yake ya Kiarabu tuyaache, tusije tukageuza kipindi kuwa darasa.

Sasa, neno lenyewe limetoka wapi? Twendeni Uingereza, yapata miaka mia mbili iliyopita. Fundi viatu, mfumaji wa vitambaa, mhunzi, hawa wengi wao walikuwa wakifanya kazi nyumbani au kwenye karakana ndogo, na walilipwa kwa idadi ya vitu walivyotengeneza. Ujira ukitoka Jumamosi jioni. Jumapili ni siku ya Bwana, hakuna kazi. Na Jumatatu je? Jumatatu kichwa kinauma na mfukoni bado kuna senti mbili tatu. Basi wengi hawakuonekana kazini, na kwa utani wakaiita siku hiyo Mtakatifu Jumatatu, kana kwamba ni sikukuu ya kanisa. Padri hakuijua, lakini waumini wake walikuwa wengi.

Kisha vikaja viwanda vya mvuke. Injini ya mvuke haina utani, wasikilizaji. Ukishawasha moto wa makaa, mashine zote zinazunguka kwa pamoja, wafanyakazi wawe wamekuja wote au nusu yao. Asiyekuja anaacha mashine inazunguka bure, na tajiri anakula hasara. Matajiri wakaitaka Jumatatu yao. Wafanyakazi nao wakataka muda wa kupumua. Katikati wakaingia watu wa dini waliochoshwa na ulevi, waliotaka watu waje kanisani Jumapili wakiwa na macho meupe. Mji kwa mji, kiwanda kwa kiwanda, wakafika mahali pa kuelewana: njoo Jumatatu asubuhi na mapema, nasi tutakuachia Jumamosi mchana. Mwaka 1850 sheria ya Bunge ikaamuru viwanda vya nguo viwaachie wanawake na vijana ifikapo saa nane mchana siku ya Jumamosi. Wanaume hawakutajwa. Lakini bila wale wengine kiwanda hakiendi, kwa hiyo wanaume nao wakatoka.

Mnaona basi? Ile nusu siku haikudondoka kutoka mbinguni. Ilidaiwa, ikapatanwa, ikaandikwa kwenye sheria. Tulishike hilo, tutalirudia.

Neno "weekend" lilikuwapo hata kabla ya hapo, likitumika huko kaskazini na katikati ya Uingereza. Lakini kuelekea mwisho wa miaka ya 1800 ndipo lilipopata kazi ya kudumu. Mtu akitoka kiwandani Jumamosi mchana, akapanda treni kwenda kwa ndugu zake, akalala huko mpaka Jumapili usiku, ndiye aliyesemwa kwamba yuko kwenye wikendi yake. Kwanza kulikuwa na muda. Jina likafuata.

Na hapa wapenzi wa mpira tegeni sikio, kwa sababu hii inawahusu. Watu wametoka kazini saa nane, wamekula, wamekunywa kitu kidogo, wanatafuta pa kwenda. Saa tisa alasiri, mpira unaanza. Ndiyo maana mechi za Uingereza zikazoea saa tisa ya Jumamosi, ambayo kwetu huwa saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni, kutegemea kama wenzetu wamesogeza saa zao au la. Na ni akina nani waliokuwa wakicheza? Arsenal ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kwa hiyo mkisikia Washika Bunduki msidhani ni mbwembwe za mtangazaji. West Ham ilianza mwaka 1895 ikiwa timu ya karakana ya kujenga meli, na hizo nyundo za Wagonga Nyundo ni nyundo za kweli za kazini. Mashetani Wekundu wa Manchester nao, mwaka 1878, walikuwa wafanyakazi wa reli. Yaani Jumamosi jioni mnapobanana kwenye kibanda umiza mkipigiana kelele, mnatazama matunda ya saa chache ambazo mfuma nguo wa Kiingereza aliachiwa na tajiri wake.

Kuna jambo jingine hapo ambalo hunifurahisha. Mechi hizo za saa tisa ya Jumamosi, kwa utaratibu wa Waingereza wenyewe, hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni za kwao, ili watu waende viwanjani. Mwingereza yuko nyumbani kwake hazioni, na wewe uko Mbagala unaziona kwa bei ya soda.

Jumamosi nzima ilichukua muda zaidi. Marekani, Henry Ford alifunga viwanda vyake vya magari Jumamosi na Jumapili kuanzia mwaka 1926. Msidhani ni huruma tupu. Hesabu yake ilikuwa kwamba mtu asiye na nafasi ya kutembea hana sababu ya kununua gari. Tusonge mbele.

Tusonge hadi Urusi ya Kisovieti, kwa sababu huko ndiko walikojaribu kuiondoa wikendi kabisa, na yaliyowapata yanatufundisha maana ya neno hili kuliko kamusi yoyote. Mwaka 1929 serikali iliona ni hasara mashine kulala Jumapili. Wakawagawa wafanyakazi katika makundi matano, kila kundi na rangi yake. Unafanya kazi siku nne, ya tano unapumzika, lakini kila kundi lina siku yake. Kwa hiyo kila siku wapo wanaopumzika na wapo wanaofanya kazi, kiwanda hakizimwi. Ukipiga hesabu, mtu alipata mapumziko mengi zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu siku moja katika tano ni bora kuliko siku moja katika saba. Si ndiyo?

Lakini mume ni rangi ya njano, mke ni rangi ya kijani. Mume akiwa nyumbani, mke yuko kiwandani. Rafiki zake ni wekundu. Anakaa peke yake na buli la chai, anapumzika kwa amri. Watu wakalalamika. Mwaka 1931 serikali ikaanza kurudi nyuma, na mwaka 1940 wakarudi kwenye wiki ya siku saba na Jumapili yake.

Kwa hiyo, wasikilizaji, kumbe wikendi si siku ya kupumzika tu. Wikendi ni siku ya kupumzika pamoja. Narudia: pamoja. Ukiondoa hilo pamoja, kinachobaki kina jina jingine, na Waswahili jina hilo tunalo. Kinaitwa ofu.

Mlinzi anakuambia, "Jumanne niko ofu." Muuguzi anasema ofu yake imeangukia Alhamisi. Hakuna anayesema Jumanne ni wikendi yangu, labda kwa utani. Ofu ni yako peke yako, umekatiwa kwenye ratiba. Ruhusa ni ya kuomba, na unaweza kunyimwa. Likizo ni ya mwaka, siku 28 kwa sheria ya kazi ya Tanzania. Sikukuu inatangazwa. Wikendi ndiyo pekee inayokuja kila juma na kuwakuta watu wote mahali pamoja, au angalau ndivyo tunavyodhani.

Wenye ndugu Muscat mnaifahamu vizuri habari hii. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, tangu mwaka 2013 walipoacha utaratibu wa Alhamisi na Ijumaa. Shangazi yuko Unguja, Jumapili ametulia barazani, anampigia simu mpwawe. Mpwa anapokea kwa sauti ya chini, "Shangazi, niko kazini." Dubai nao, tangu mwaka 2022, ofisi za serikali hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufunga mchana. Ukiwa na ndugu Muscat, Dubai na London, siku pekee ya kuwapata wote wametulia ni Jumamosi.

Turudi nyumbani. Sisi hiyo wikendi yetu tunaifanyia nini? Naomba kila mmoja ajibu kimoyomoyo. Je, wikendi iliyopita ulipumzika?

Hebu tukitazame kikao cha harusi. Jumapili, saa kumi alasiri, ukumbi mdogo nyuma ya baa. Viti vya plastiki vimepangwa mduara. Mwenyekiti amefika, katibu ana daftari, mweka hazina ana simu mbili, moja ya kila mtandao. Kikao kinaanza saa kumi na mbili. Katibu anasoma majina: fulani, ahadi laki moja, ametoa elfu thelathini. Aliyetajwa anaitazama chupa ya maji kana kwamba ni gazeti. Kamati ya vinywaji inatoa taarifa. Kamati ya ukumbi inasema ukumbi umepanda bei. Anasimama mzee mmoja kuuliza kama kadi ya singo haiwezi kuingiza mtu na mkewe, kwani mkewe ni mdogo wa umbo. Mnacheka, mnaahirisha mpaka Jumapili ijayo. Hiyo ni harusi moja, na wewe una kadi tatu kwenye meza. Bado kicheni pati, bado sendofu, bado msiba wa jirani, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna usafi.

Kenya wenzetu nao, Ijumaa usiku mabasi yanaondoka Nairobi kuelekea Kisumu na Kakamega yakiwa yamejaa waombolezaji, maana Jumamosi ndiyo siku ya kuzika. Rwanda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, watu wote na majembe. Kwa Msabato, awe Upareni au Kisii, Jumamosi ni ibada kuanzia jua la Ijumaa linapozama. Kwa hiyo sisi tumelichukua neno la watu waliotaka kupumua, tukalijaza shughuli za watu. Kisha Jumatatu tunakwenda ofisini kupumzika.

Mimi silaumu. Harusi haiwezi kufanyika Jumanne, kwa sababu Jumanne hatuwezi kukutana. Ni lile lile pamoja nililolisema. Mtu anayelalamika kwamba Waswahili hatujui kupumzika aelewe kwamba kwetu kuonana ndiko kupumzika kwenyewe, hata kama miguu inauma.

Lakini sasa twende kwenye lile swali letu. Kwenye harusi hiyo ya Jumamosi, nani yuko jikoni? Kuna wapishi, kuna wahudumu wenye tai nyeusi, kuna mpiga picha, kuna dada wa saluni aliyeamka alfajiri kumsuka bibi harusi. Wikendi yako ndiyo siku yao ya kazi. MC sina wasiwasi naye, anatoza vizuri, na Jumanne analala mpaka saa nne. Bodaboda naye anajipangia mwenyewe, ijapokuwa wengi wao wana hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila siku, na hesabu hiyo haijui Jumapili.

Ninayemfikiria zaidi ni yule aliye ndani ya nyumba zetu. Dada wa nyumbani. Tukisema wikendi imefika, kwake maana yake ni nini? Watoto wako nyumbani siku nzima. Baba yupo, anataka chai saa tano. Nguo za juma zima zimelundikwa kwenye beseni. Mchana wageni wanne wamekuja bila taarifa, na wali wa watu sita lazima uwe wa watu kumi. Juma linapoisha kwetu, kwake ndipo linapopamba moto.

Na sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inasema mfanyakazi asizidi siku sita kwa wiki wala saa 45 za kawaida, na apate walau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Akikubali kufanya kazi katika saa hizo za mapumziko, alipwe mara mbili. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inataka walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sheria hizi hazikusema "isipokuwa aliye jikoni kwako". Mwajiri ni mwajiri, awe na kiwanda cha nguo au awe na sebule na watoto wawili.

Mtaniambia, "Lakini sisi dada yetu Jumapili tunamruhusu kwenda kanisani." Sawa. Anaondoka saa moja asubuhi, saa nne anapigiwa simu aulizwe chumvi iko wapi, saa sita yuko jikoni. Hizo ni saa tano, tena zenye simu. Wengine mtasema, "Tunampa Jumatano, siku tulivu." Hiyo ni ofu, nayo ni haki yake, heri hiyo kuliko kukosa. Lakini Jumatano wenzake wote wako kazini kwa mabosi wao. Kwaya haifanyi mazoezi, dada yake wa Gongo la Mboto yuko kwenye duka la watu. Atakwenda wapi? Atazunguka, atarudi mapema, nanyi mtasema ona, hata hana pa kwenda.

Kama mnaweza, mpeni Jumamosi mchana au Jumapili nzima, angalau kwa zamu, juma hili ninyi, juma lile yeye. Najua anayesikiliza yupo anauliza, "Na nani atapika?" Nyumba ina watu wazima wawili, na wakati mwingine ina kijana wa kidato cha nne mwenye simu kubwa. Ugali na dagaa si mtihani wa taifa.

Ningependa kusikia mmepangaje majumbani mwenu. Ninyi mnaoajiri, mwafanyaje? Na ninyi kina dada na kina kaka mnaosikiliza hapo jikoni, siku yenu ni ipi, na ni nani aliyeichagua? Tumeni ujumbe, nitausoma kipindi kijacho, majina yenu sitayataja. Mwenzangu wa michezo ameshakaa mkabala nami na karatasi zake za mechi za kesho, na ananionyesha saa kwa kidole. Haya, karibu ndugu yangu, kipaza sauti ni chako.